Ushahidi wa Mtani

Nilijua kuwa ulikuwa utani. Hili nimelikana kwa zaidi ya nusu ya umri wangu, kwa utulivu, kwa ufasaha, na safari moja kwa machozi ambayo mpaka leo sijui niliyatoa wapi. Nilijua. Mzee Maganga alipojilaza chali kwenye kizingiti cha nyumba ya msiba, akaweka pampu ya baiskeli kifuani kama bunduki, akatangaza kwamba maiti ya Salumu haitoki kwa sababu babu yake Salumu alikuwa akiswaga watu kwa kamba na fimbo kutoka Ujiji hadi pwani, nilijua kuwa anatania, kama walivyojua wote waliokuwa uani, pamoja na watoto waliokuwa wakigombea ukoko wa wali. Mimi ni mzaliwa wa mkoa huo, Tabora. Nikatoa daftari, nikaandika maneno yake neno kwa neno, na kabla jua halijazama nikawa nimeyapa namba ya tanbihi.

Mzee Maganga mwenyewe tumemzika mwezi uliopita, Itetemia, nje kidogo ya mji wa Tabora. Nilikwenda kwa sababu kutokwenda kungehitaji maelezo. Kwaya ya Moraviani iliimba vizuri, mchungaji alihubiri kwa urefu, na katikati ya hayo akatokea Zaina, rafiki yangu tangu sekondari, mwanamke wa miaka hamsini mwenye kisukari na magoti mabovu, amevaa koti la marehemu na kofia yake, pampu imechomekwa kiunoni, akiburuza mguu wa kushoto vilevile alivyouburuza marehemu. "Mnalia nini?" aliwafokea wafiwa kwa sauti ya mzee yule. "Kazi mmemaliza? Nyie watu wa Maganga mnajua kubeba mizigo tu, kulia hamjui!" Wafiwa walicheka hadi wakaegemeana. Zaina ni wa ukoo wa Kizaramo, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, walipotembea pamoja miezi kwa miezi, mmoja akimuugulia mwenzake njiani na kumzika. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mzima na wajibu wa kukutukana ukifa. Anachosema siku hiyo hakishikwi. Ndiyo maana kinaweza kusemwa. Zaina alipomaliza alikuja kukaa karibu nami, bado amevaa koti lile linalonuka grisi, akanipa sahani ya ugali na nyama. "Kula, Skola," akasema. "Mtu wako huyu." Nilitafuna tonge moja kwa muda mrefu sana, nikamwona hanitazami, na nikajichukia kwa namna ambayo nilidhani umri ungekuwa umeipunguza.

Kazi yangu, kwa wasionijua, ni kuandika insha na kufundisha wengine waziandike. Kila muhula nasimama mbele ya vijana wenye simu nzuri kuliko yangu, nawaambia kwamba utafiti unaanza na hoja kuu, na hoja kuu ni sentensi moja, na chini ya sentensi hiyo unajengwa mpangilio, sehemu kwa sehemu, hadi hitimisho. Mwaka jana binti mmoja wa nyuma aliinua mkono. "Madamu, nikifika uwandani nikakuta hoja yangu si kweli?" Nikamjibu papo hapo: "Utatafuta ushahidi mwingine." Darasa zima lilicheka wakidhani nimewachekesha. Niliacha waendelee kudhani hivyo. Nikatoka kwenda maliwato, nikafungua bomba, nikasimama nikitazama maji ambayo sikuyahitaji.

Hoja kuu nilifundishwa mwaka wangu wa tatu chuoni, Dar es Salaam, katika ofisi ambayo harufu yake ninaweza kuiita sasa hivi ikaja. Msimamizi wangu, ambaye sote tulimwita Dokta bila jina kana kwamba hapakuwa na mwingine nchini, alikuwa akila mayai ya kuchemsha mezani. Mayai mawili kila saa nne, chumvi imemwagwa kwenye kipande cha gazeti, maganda yakidondoka juu ya kazi za wanafunzi. Alizungumza kabla hajameza. Kiini cha njano kilimkauka pembeni mwa mdomo na kukaa hapo hadi mchana, na sisi, watu wazima wenye haki ya kupiga kura, hatukuwahi kumwambia. "Sentensi moja," alisema, kidole kimoja chenye chumvi kikiwa hewani. "Nani atasema nini dhidi ya nani. Ukishindwa kuisema kwa sentensi moja, wewe huna hoja, una hadithi. Hadithi kamsimulie mama yako." Utaratibu wake ulikuwa huu: kabla ya kwenda uwandani unaleta hoja na mpangilio, yeye anasoma, anapiga muhuri. Baada ya muhuri, kubadilisha hoja kunahitaji barua, barua inahitaji kikao, na kikao kilikuwa hakikai. Kwa hiyo ulikwenda kuuliza watu maswali ukiwa tayari na majibu yaliyopigwa muhuri. Wakati ule niliona ni utaratibu safi kabisa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilipenda kila kitu kilichokuwa na muhuri.

Sentensi yangu niliiandika kwa Kiingereza, kama tulivyotakiwa, na ninapoigeuza hapa inapungua ujinga kidogo, basi msomaji auongeze mwenyewe. Ilisema: ingawa simulizi za wenyeji wa Tabora huieleza njia ya misafara kama njia ya biashara na mwendo tu, ushahidi wa mdomo unadhihirisha kwamba familia za mjini zenye asili ya pwani zilijenga heshima yao juu ya uongozi wa misafara ya watumwa. Niliipenda hasa ile "ingawa". Sentensi inayoanza na "ingawa" huonekana imetoka mbali na imekutana na watu. Chini yake niliweka mpangilio wa sehemu tano, na sehemu ya tatu niliita "Familia Moja ya Tabora", ikiwa na mistari mitatu mitupu ya kujazwa mashahidi. Familia yenyewe nilikuwa nimeshaichagua: ya Zaina. Sababu zilikuwa mbili. Walikuwa wa asili ya pwani, na wangenilaza bure. Dokta alisoma, akafuta kidole kwenye suruali, akasema, "Hii ina meno," akapiga muhuri. Kipande kidogo cha ute wa yai kilibaki juu ya neno "ushahidi". Nilipanda treni nikiwa nimeikumbatia karatasi hiyo kama cheti cha ndoa.

Nyumbani kwa akina Zaina nilipewa chumba cha mbele, kilichopakana na duka la baba yake, Mzee Ramadhani, fundi cherehani. Kilikuwa na kitanda cha chuma, mifupa ya cherehani mbili zilizokufa, na kanzu za watu zilizokamilika zikining'inia ukutani, hata mtu ukiamka unadhani umezungukwa na waumini. Harufu yake ilikuwa ya mafuta ya cherehani na pasi ya mkaa. Asubuhi niliamshwa na matusi. Mzee Maganga alikuwa fundi baiskeli kwenye baraza ya duka hilohilo, na siku haikuanza mpaka watani hao wawili wachafuane. "Mzaramo! Umeamka? Nilikuja na sanda, naona nimewahi." "Pita huku nyuma, Mnyamwezi, kuna gunia la mchele, kichwa chako ndicho kiliumbwa kwa kazi hiyo." "Nitabeba, lakini wewe ukae juu ya gunia, miguu yenu ya pwani ni ya kukunja mkekani." Wakishamaliza, mmoja humpelekea mwenzake kikombe cha chai ya tangawizi. Nilikuwa nikiwasikia kila siku kupitia dirisha, kwa miezi miwili. Nasema hivi ili pasiwe na wa kunitetea.

Chakula cha nyumba ile kiliniharibu. Ulikuwa msimu wa mvua na uyoga ulikuwa ukifika sokoni kwa madishi, Mama Zaina akiupika kwa karanga za kutwanga, na dagaa wa Kigoma, na asali kwenye bakuli la bati ambalo halikukauka. Nilinenepa kwa chakula chao nikiwaandika. Mchana tulikaa uani, mimi, Zaina na Bibi Mwanaidi, mama yake Mzee Ramadhani, kikongwe mdogo mwenye ulimi mkali aliyekuwa na ugomvi wa kudumu na kuku wa jirani. Bibi ndiye aliyemjua Kibwana. Kibwana alikuwa baba mkwe wake, mzee wa ukoo ule, aliyekuja kutoka pwani kijana, na Bibi alimtunza hadi akafa. Kwa hiyo shahidi wangu halisi alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu, anachambua mchele na kutukana kuku.

"Andika," aliniambia siku ya kwanza. "Si umekuja kuandika? Kibwana alikuja amebeba jora la kitambaa. Mpagazi. Kitambaa cha tajiri, si chake. Walipofika Tura akashikwa na ndui. Unaijua ndui wewe? Huijui. Wenzake wakamwogopa, wakamwacha chini ya mti na kibuyu cha maji. Shi! Wewe kuku! Zaina, mfukuze huyo. Basi. Mnyamwezi mmoja mpagazi alikuwa ameshakwenda mbele, akarudi. Akambeba mgongoni. Na vidonda vyake vile, mgongoni! Mpaka hapa Tabora, siku kadhaa, wanalala porini. Huyo ndiye babu yake huyo fundi baiskeli hapo nje anayenipigia kelele asubuhi. Mbona huandiki?"

"Naandika, Bibi."

"Umechora ua."

Nilikuwa nimechora ua. Nilimuuliza, kwa upole wa mtu anayesaidia mgonjwa kukumbuka, kama Kibwana hakuwahi baadaye kuongoza msafara. Labda msafara mdogo tu. Labda aliwahi kusimamia watu.

"Aongoze nini?" Bibi alishangaa kwa dhati. "Mbuzi wake wawili tu walimshinda. Walikuwa wakimpeleka wanakotaka. Uso wake ulikuwa umechimbika kama chuma cha kukaangia vitumbua, watoto wakimkimbia, naye akiwakimbiza na kashata awape. Akaoa kwa taabu. Akashona kofia mpaka akafa. Ndiyo maana huyu Ramadhani naye ni fundi. Sasa hilo andika."

Sikuandika. Ninayo madaftari yale, nimeyatoa wiki hii kuhakikisha, na kurasa za siku zile zina tarehe juu, jina la Bibi Mwanaidi, na maua. Kumbukumbu nzima ya mwanadamu, aliyebebwa mgongoni akinuka usaha na mtu ambaye hakuwa ndugu yake, ilipita mbele yangu kwa sauti safi, na nikaiona kama kikwazo. Haikuwa na mahali pa kukaa katika mpangilio. Mistari yangu mitatu ya sehemu ya tatu ilikuwa bado mitupu, siku zilikuwa zinakwisha, na nilianza kumchukia bibi kizee yule kwa kukataa kuwa na mkwe mwovu. Jioni moja nilimwambia Zaina kwamba huenda Bibi anaficha mambo. Zaina alikuwa akisonga ugali. Hakugeuka. "Bibi?" akasema. "Bibi hajawahi kuficha hata umri wa Mama."

Ndipo Salumu, mdogo wake Mzee Ramadhani, akafa ghafla kwa presha, na nyumba ikajaa. Wanaume walikaa barazani kwenye mikeka, wanawake uani na masufuria, na Mzee Maganga, aliyekuwa amelia kwa kificho nyuma ya karakana yake tangu alfajiri, nilimwona, alinawa uso, akachukua pampu yake, akaja kufanya wajibu wake. Jeneza lilipofika mlangoni ndipo alipojilaza. "Hatoki huyu! Mnampeleka wapi bila ruhusa yangu? Mnamjua babu yake? Kibwana! Kibwana Mzaramo! Mkono huu kamba, mkono huu fimbo, watu mia shingoni, twende, twende! Hiyo heshima mnayokalia hapa, mikeka hii, kofia hizi, ameinunua kwa watu! Babu yangu mimi alikuwa wa mwisho kwenye kamba, mgongo huu mnaouona umepinda kwa sababu yake!" Mgongo wake haukuwa umepinda. Mzee Ramadhani, aliyekuwa hajasema neno tangu kifo kitokee, alianza kutikisika mabega, nikadhani analia, kumbe anacheka, na kicheko kikamfungulia kilio, na kilio kilipoisha aliweza kusimama na kulishika jeneza la mdogo wake. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Maganga alikuwa amelichukua jambo la huruma kuliko yote lililowahi kutokea kati ya koo zile mbili, akaligeuza ndani nje, ili mfiwa apate kucheka. Kila aliyekuwapo alijua kilichogeuzwa.

Mimi nikaona mstari wangu wa kwanza umejaa. Nakumbuka hisia yenyewe, na ndiyo inayonitia kinyaa kuliko kitendo: nafuu tamu iliyonishuka mwilini kama ya mtu aliyekuwa anatafuta choo mji mgeni. Alikuwa ametamka karibu kila neno la hoja yangu. Pwani, heshima, watu. Nikamwandika "Mzee M., jirani wa siku nyingi wa familia, ambaye ukoo wake ulikuwa miongoni mwa waliotekwa". Mistari miwili iliyobaki niliijaza kwa kumgawanya yeye huyohuyo, sehemu ya kamba ikawa shahidi wa pili, sehemu ya mikeka na kofia ikawa wa tatu. Bibi Mwanaidi alipata sentensi moja: kwamba wanafamilia wenyewe "huelekea kukwepa suala hili". Nikala hitma ya Salumu, nikaaga, nikapewa chupa ya asali na kanga.

Dokta alifurahi hadi akasahau yai. Alipendekeza insha ichapwe katika jarida la idara na mimi nichukuliwe kuendelea na shahada ya pili. Lakini insha za namna hiyo zilisomwa kwanza na mtahini wa nje, mtu makini wa chuo kingine, na mtahini huyo aliandika barua fupi ambayo niliisoma nikiwa nimerudi Tabora kusubiri matokeo. Alisema kazi imeandikwa vizuri. Alisema pia kwamba sehemu ya tatu inaegemea msimulizi mmoja, kwamba inatuhumu familia inayotambulika, na kwamba kabla hajaipitisha angependa kuzungumza na Mzee M. yeye mwenyewe. Je, kuna simu karibu naye? Ikishindikana, sehemu ya tatu ifutwe na mwanafunzi arudie utafiti mwaka unaofuata.

Hapo palikuwa na mlango wazi kabisa. Ningeweza kurudia mwaka. Watu hurudia mwaka na hawafi. Badala yake nilimpelekea mtahini namba ya simu ya dukani kwa Mzee Ramadhani, tukapatana siku, kisha nikaenda kwa Mzee Maganga, nikamkuta amechuchumaa kando ya karai la maji, anatafuta tundu kwenye mpira wa baiskeli.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu. Mwangaluka," akanisalimia na kwa Kinyamwezi. "Umenenepa, kitabu kimekukubali."

Nikamwambia kwamba wakubwa wa chuo watampigia simu Alhamisi saa nne, dukani kwa Mzee Ramadhani. Watamuuliza kama alisema yale maneno ya msibani kuhusu Kibwana.

"Yapi? Ya kamba?" Akacheka. "Yale yamefika Dar?"

"Nimeyaandika kwenye kazi yangu."

"Umeandika kwamba nilimtania Ramadhani." Alisema hivyo, halikuwa swali, akaendelea kuzungusha mpira majini. Vipovu vikatoka mahali pamoja, akapashika kwa kidole gumba, kisha akainua macho taratibu. "Hukuandika hivyo."

"Babu, watakuuliza kama ulisema. Wewe si ulisema? Basi useme ulisema. Usiongeze kitu."

"Nilisema. Lakini mjukuu, yale..."

"Wakikataa ninarudia mwaka mzima."

Alikuwa mtu ambaye maisha yake yote aliruhusiwa kusema lolote kwa sababu hakuna aliyelishika, na sasa kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amelishika. Akakwangua mpira kwa msasa, akapaka gundi, akaipulizia ikauke. "Ramadhani anajua?" akauliza. Nikasema hahitaji kujua, ni mambo ya chuo tu, yanawekwa kabatini. Hilo niliamini. Nilidhani insha huwekwa kabatini.

Haikuwekwa kabatini. Ilichapwa, mtu akainukuu, mwingine akamnukuu huyo, na baada ya miaka mingi sentensi yangu ikatua bila "ingawa" yake ndani ya kijitabu cha maswali na majibu ya historia kwa kidato cha pili, ikiwa na jina kamili la Kibwana. Mwalimu mmoja alimsimamisha mtoto wa Zaina darasani awaeleze wenzake ukoo wao ulifanya nini. Zaina alipanda basi hadi Dar, akaja kwangu, akakaa sebuleni na kijitabu kile mapajani. Hakuja na hasira, ingekuwa rahisi. "Nataka kujua kitu kimoja tu," akasema, akanishika mkono. "Mzee Maganga nimemuuliza, anasema tu kwamba alisema. Haya alikuambia mmekaa chini mnaongea, au ni yale ya msiba wa Baba Mdogo?" Nikamwambia tulikaa chini. Nikamwambia mkekani, siku mbili, na nilimrudia kuhakikisha. Nikamwambia kwamba historia inauma, kwamba hata mimi iliniuma kuiandika, na hapo ndipo yalipotoka yale machozi. Alinibembeleza. Zaina alinibembeleza mimi. Kisha akarudi Tabora, akamweleza mwanawe kwamba huenda ni kweli, na kijana yule akakua nayo. Bibi Mwanaidi alikuwa ameshafariki. Hakuulizwa.

Basi ile Alhamisi. Simu ya Mzee Ramadhani ilikaa juu ya kabati la vitambaa, ya kijani, yenye kufuli kwenye namba na kifuniko cha kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Yeye alikuwa mbele, karibu na barabara, mdomoni ameshika pini, anapinda ukosi wa kanzu. Alijua tu kwamba mtani wake anatafutwa na watu wa chuo kikuu, na tangu asubuhi alikuwa akiwatangazia wapita njia. Mzee Maganga alikuja amevaa koti la kwaya. Simu ilipolia nilimpa mkono wa simu, nikasogeza sikio langu karibu na lake ili tusikie wote wawili, na ndevu zake zilinichoma shavuni. Mzee Ramadhani akasimamisha cherehani kwa adabu, ili asituharibie laini.

"Ni Mzee Maganga? Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani kwa usumbufu. Kuna binti ameandika kwamba ulieleza habari za mzee mmoja, Kibwana, kuongoza misafara ya watumwa. Ulisema maneno hayo?"

"Nilisema."

"Wewe mwenyewe?"

"Kwa mdomo wangu. Mbele za watu."

Nilishaanza kupumua. Ndipo yule mtahini, kwa sauti ya upole ambayo haikuwa na haraka, akauliza swali ambalo sikuwa nimemwandaa mzee kulijibu. "Na ni kweli, mzee?"

Mzee Maganga alitazama mbele ya duka, ambako rafiki yake wa miaka yote alikuwa amegeuka kumwangalia, anatabasamu kwa pembe ya mdomo kwa sababu ya pini. Kisha akanitazama mimi. Tulikuwa karibu kiasi kwamba niliona mishipa myekundu machoni mwake. Palikuwa na nafasi ya kutosha. Ningeweza kuchukua simu ile na kusema neno moja, utani, na mtu yule makini angeelewa, kwa kuwa hata yeye lazima alikuwa na watani mahali fulani. Nilitikisa kichwa. Sikukitikisa kwa kukataa. Nilikitikisa kwa kukubali, mara mbili, kama mwalimu anayemhimiza mtoto aliyesahau shairi.

"Kweli," akasema Mzee Maganga.

"Ahsante sana, mzee wangu. Basi limekwisha." Na likawa limekwisha.

Aliirudisha simu mahali pake, akaifunika kwa kile kitambaa, akakinyoosha pembe zote nne. Mzee Ramadhani alitema pini kiganjani. "Enhe, Mnyamwezi! Wakubwa wanataka nini?"

"Wanauliza kama maneno yangu ni ya kweli."

"Ukawaambiaje?"

"Nimewaambia ni ya kweli."

"Wakakuamini?"

"Wameniamini."

Mzee Ramadhani alipasuka kwa kicheko, akapiga meza ya cherehani kwa kiganja, akamwita mkewe aje asikie maajabu, chuo kikuu kizima kimemwamini Maganga. Alicheka hadi akavua miwani kufuta macho. Kisha akanyamaza, uso wake wote ukiwa wazi, anasubiri tusi la kumjibu, maana ilikuwa zamu ya mwenzake. Mzee Maganga aliokota kofia yake, akatoka. Mzee Ramadhani akanigeukia mimi, bado anatabasamu, kama anayetaka mtu wa kumalizia naye kicheko. Na mimi nikacheka.